Je, Wajua? Utatu Mtakatifu, kutoka Karthago hadi Makongeni

Je, wajua kwamba neno "Utatu" halimo katika Biblia? Mkatekumeni wa Thika au Ruiru anaweza kulitafuta kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, asilione. Atakachokuta ni agizo la kubatiza kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu, Mathayo 28:19. Jina la fundisho lilikuja baadaye, na aliyeliingiza katika Kilatini, mwanzoni mwa karne ya 3, alikuwa Mwafrika: Tertuliani wa Karthago, Tunisia ya leo.

Anayekwambia kwamba Utatu ni mambo ya Wazungu, mwonyeshe ramani. Ario, aliyewasha moto kwa kudai kwamba Mwana aliumbwa, alikuwa padri wa Aleksandria, Misri. Athanasi aliyempinga akawa askofu wa mji huohuo, akafukuzwa uhamishoni mara tano. Augustino, aliyeandika vitabu 15 juu ya Utatu, alizaliwa Thagaste, Algeria ya sasa. Kaizari Konstantino alipoitisha Mtaguso wa Nikea mwaka 325, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, maaskofu walikwenda kuamua kesi iliyoanzia Afrika.

Ario alijua kueneza hoja. Inasimuliwa kwamba alitunga nyimbo za mabaharia, za wasaga nafaka na za wasafiri. Angekuwapo leo, nadhani angeanza na spika za matatu za Thika Road.

Na watu walibishana kwelikweli! Gregori wa Nyssa alilalamika kwamba huko Konstantinopoli, mwishoni mwa karne ya 4, ukimuuliza mwokaji bei ya mkate anakujibu kwamba Baba ni mkuu kuliko Mwana. Ukiuliza kama maji ya kuoga yako tayari, unaambiwa Mwana ametoka katika utupu. Hebu fikiria unaulizia bei ya sukuma wiki sokoni Makongeni, ukapewa majibu ya namna hiyo.

Fundisho lenyewe ni fupi. Mungu ni mmoja. Nafsi ni tatu. Baba si Mwana, Mwana si Roho, na kila Nafsi ni Mungu kamili, si theluthi ya Mungu. Ugumu huanza mwalimu anapotaka kurahisisha. Mfano upendwao ni wa maji, barafu na mvuke, nao, kwa heshima zote kwa makatekista wetu, ni kosa ambalo Sabelio alilaumiwa kwalo huko Roma katika karne ya 3: Mungu mmoja anayebadilisha sura, leo Baba, kesho Mwana. Afadhali kumpeleka mgeni mtoni Yordani, Mathayo 3. Mwana amesimama majini, Roho anashuka kama njiwa, sauti ya Baba inasikika kutoka mbinguni. Wote watatu wapo kwa wakati mmoja.

Je, wajua kwamba Shule ya Upili ya Mang'u, karibu na Thika, iliwahi kuitwa Chuo cha Roho Mtakatifu? Kabla ya kuhamia Mang'u, ilianzishwa Kabaa mwaka 1925 na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu. Tom Mboya na Mwai Kibaki walisoma katika shule hiyo.

Waorthodoksi wa Kiambu nao wana historia yao. Makanisa huru ya Wakikuyu yaliyoachana na wamishonari yalitafuta uaskofu wa zamani, na mwaka 1946 Patriaki wa Aleksandria akayapokea. Ndicho kiti alichokalia Athanasi! Mtazame Mworthodoksi akipiga ishara ya msalaba: vidole vitatu vimeunganishwa kwa ajili ya Utatu, viwili vimekunjwa kiganjani kwa ajili ya umungu na ubinadamu wa Kristo, na bega la kulia hutangulia. Mkatoliki huanza na la kushoto. Tena Mworthodoksi hukiri kwamba Roho hutoka kwa Baba. Mkatoliki na Mwanglikana huongeza "na Mwana". Nyongeza hiyo ilichangia mfarakano wa 1054.

Akorino wenye vilemba vyeupe, walioanza miaka ya 1920, humtanguliza Roho kuliko wengi wetu. Wakoloni waliwahofia: mwaka 1934 polisi waliwaua watatu wao katika msitu wa Ndarugu.

Mashahidi wa Yehova, wanaobisha hodi mtaani kwako, wanaukataa Utatu kabisa. Wapo pia Wapentekoste wanaobatiza kwa jina la Yesu pekee.

Maneno ya ubatizo yana matokeo. Aliyebatizwa kwa maji na kwa majina yote matatu katika kanisa la Kiprotestanti, akihamia Ukatoliki, kwa kawaida habatizwi tena. Aliyebatizwa kwa jina la Yesu pekee huanza upya. Mwaka 2008 Vatikani ilikataa hata ubatizo wa "Muumba, Mkombozi na Mtakasaji". Ndiyo maana katekista hukuomba cheti cha ubatizo mapema.