Siku Saba Chini ya Maji: Hesabu ya Bahari na Hesabu ya Ziwa Kivu

Safari ya kuzamia ambayo wageni hula na kulala chomboni kwa wiki nzima ni biashara ya bahari za joto. Vyombo vyake hutoka Hurghada kwenye Bahari ya Shamu, huzunguka visiwa vya Maldivi, na huonekana pia Shelisheli. Vyumba huwa chini, jiko katikati, na sitahani kuna kompresa ya kujazia mitungi ya hewa. Kwa kuwa chombo hulala karibu na miamba, wazamiaji huingia majini alfajiri, kabla boti za siku moja hazijaondoka pwani, na kwa siku moja mtu huweza kuzamia mara tatu au nne. Wingi huo ndio utamu wa safari, na ndio hatari yake.

Sehemu kubwa ya hewa, takriban asilimia 78, ni naitrojeni. Mwili hauitumii, huipokea na kuitoa tu. Baharini, kila mita 10 za kina huongeza kanieneo sawa na ile ya hewa yote iliyo juu ya bahari, hivyo mtu aliye mita 30 chini huvuta hewa iliyobanwa mara nne, na naitrojeni nyingi zaidi huyeyuka katika damu na mafuta yake. Akipanda polepole, hutoka kupitia mapafu bila madhara. Akipanda kwa pupa, hugeuka viputo mwilini: viungo huuma, ngozi hufa ganzi, na mambo yakizidi mtu hupooza au hufa. Mwaka 1908 mwanafiziolojia wa Uskoti, John Scott Haldane, alichapisha na wenzake majedwali ya kumpandisha mzamiaji kwa hatua, na kompyuta ndogo zinazovaliwa leo mkononi bado zinafuata msingi wa hesabu yake. Kwa mtu anayezamia mfululizo, usingizi wa usiku mmoja hauondoi naitrojeni yote. Siku ya tano huanza na deni la siku nne.

Deni hilo humhusu zaidi mkazi wa Goma, kando ya Ziwa Kivu, kuliko mkazi wa Mombasa. Chukua mtu aliyemaliza wiki Pemba, ambako kuta za matumbawe hushuka kuelekea mkondo wenye kina cha zaidi ya mita 800 na maji ni maangavu. Ushauri unaokubalika kwa aliyezamia siku nyingi mfululizo ni kukaa angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, kwa sababu kanieneo ndani ya ndege huweza kushuka hadi ile ya mlima wa mita 2,400 hivi. Mwenzake wa pwani akishuka uwanjani amefika. Wa Goma akitua Kigali bado ana barabara inayopita vilima vya zaidi ya mita 2,000 kabla ya kuteremka Gisenyi na kuvuka mpaka, na nyumbani kwenyewe ni karibu mita 1,500. Kwake, busara ni kuiacha siku nzima ya mwisho bila kugusa maji.

Je, safari kama hiyo inawezekana Ziwa Kivu? Visiwa vipo, kuanzia Tchegera, kisiwa chenye umbo la mwezi mchanga kilicho ndani ya Hifadhi ya Virunga, hadi Idjwi kubwa yenye vijiji na mashamba. Maji ya juu yana joto la nyuzi 23 hadi 25. Mamba hawapo. Hesabu, hata hivyo, ni nyingine kabisa.

Uso wa ziwa uko mita 1,460 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa hapo ni karibu asilimia 84 ya ile ya pwani. Baharini kanieneo hufika maradufu kwenye mita 10; Kivu hufika maradufu kabla ya mita 9. Kinachoamua ukali wa kupanda ni uwiano kati ya kanieneo ya chini na ile ya juu, kwa hiyo mita 18 za Kivu huhesabiwa kama mita 21 za baharini, na mita 30 kama 35. Anayefuata jedwali la pwani bila kulirekebisha hujidanganya. Mgeni aliyewasili siku hiyohiyo kutoka usawa wa bahari huhesabiwa kana kwamba amekwisha kuzamia mara moja, mpaka saa 12 zipite na mwili uzoee. Na kwa kuwa maji ya ziwa ni mepesi kuliko ya bahari, mkanda wa risasi hupunguzwa kilo mbili hivi.

Ajali ikitokea, kumwondoa mgonjwa ni shida ya pekee. Tiba ni chemba ya kanieneo, na njia ya kuifikia haipaswi kumpandisha juu zaidi. Barabara za kutoka Goma zote hupanda. Njia iliyo tambarare ni ziwa lenyewe kuelekea Bukavu, nayo haimfikishi mgonjwa kwenye chemba.

Kisha kuna gesi. Katika vilindi vyake, vinavyokaribia mita 485, Kivu imehifadhi takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani, zikipimwa kama zingekuwa juu ya ardhi. Maji yanayozibeba yana chumvi nyingi zaidi, kwa hiyo ni mazito na hubaki chini ingawa yana joto kuliko yale yaliyo juu yake. Ziwa Nyos la Kamerun lilitapika hewa ukaa usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700, ndiyo maana Kivu huchunguzwa kwa makini. Lakini akiba kubwa iko chini ya mita 250, na mzamiaji wa starehe hapiti 40. Hawezi kuifikia wala kuiamsha.

Hatari yake iko karibu zaidi. Kati ya Goma na Sake, hewa ukaa hutoka ardhini na kujikusanya mabondeni. Wenyeji huiita mazuku, na kila mchungaji anajua kwamba mbuzi hufa kabla mtu hajashtuka. Huwa mbaya usiku na alfajiri, upepo ukitulia. Hapo kanuni ya nahodha hupinduka. Baharini hutafuta ghuba iliyofungwa, isiyo na upepo, ili wageni walale. Kivu, ghuba ya namna hiyo upande wa kaskazini-magharibi ni Kabuno, ambayo imetengwa na ziwa kuu kwa kizingiti cha chini ya maji, na maji yake yenye gesi nyingi huanza mita kumi na kidogo tu kutoka juu. Hapo upepo ni kinga, na chumba kilicho chini ya sitaha ndicho mahali pabaya pa kulala.

Kompresa nayo ina neno. Huvuta hewa ya mahali ilipo na kuibana mtunguni. Hewa yenye asilimia moja ya hewa ukaa humchosha mtu juu ya ardhi bila kumwangusha. Kwenye mita 30 za Kivu humdhuru kama asilimia karibu nne, na pumzi huanza kumkimbia. Mdomo wa kompresa huinuliwa juu, upande unakotoka upepo, mbali na moshi wa injini na mbali na ufuo wa mazuku.

Malipo ya taabu hiyo ni machache. Kivu ina aina zipatazo 30 tu za samaki, wakati Tanganyika ina mamia. Hata sambaza, wanaovuliwa usiku kwa taa na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Mwanga hufifia upesi kadiri mtu anavyoshuka. Kinachovutia ni mawe: lava ya volkano ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji wa Goma tarehe 17 Januari 2002 na kuingia ziwani. Kwa mwenye ujuzi wa mwinuko, kuzamia mara moja kwa siku na kurudi kulala nchi kavu, mbali na mabonde, kunatosha. Wiki ya kuzamia mara nne kwa siku na ibaki Pemba.

Hesabu hii si ya watalii peke yao. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiitazama kutoka ufuoni, na makumi ya abiria walikufa. Anayezamia kutafuta miili hushuka katika maji yaleyale, chini ya kanieneo ileile, na anahitaji jedwali lililorekebishwa kwa mita 1,460 kama mtalii yeyote.