Saa ya Same Iko Mbele ya Jua

Redio ikitangaza saa sita kamili mchana, jua la Same bado linapanda. Kwa wastani hubakiza dakika 29 kufika juu kabisa. Mwanzoni mwa Novemba hubakiza kama 12, katikati ya Februari kama 43. Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa longitudo ya nyuzi 45, mstari unaopita Somalia karibu na Mogadishu na usioigusa Tanzania hata kidogo. Same iko nyuzi 37.7, na jua huhitaji dakika nne kuvuka kila nyuzi. Yaani mji huu umesogezewa saa mbele karibu nusu saa, kiangazi na masika, na hakuna anayelalamika. Jirani yetu Kenya ndiyo iliyosita: ilijaribu saa hizi za Afrika Mashariki mwaka 1928, ikaziacha 1930, kisha ikazirudia baadaye.

Ulaya husogeza kwa msimu. Ujerumani ilianza 30 Aprili 1916 ili kuokoa makaa ya mawe ya vita. Uingereza ikafuata 21 Mei, siku zilezile majeshi ya Jenerali Smuts, wa upande wa Uingereza, yalipokuwa yakiwasukuma Wajerumani kusini kando ya milima hii ya Pare. Watu wa Ulaya walikuwa na mwanga wa kuhamisha: mwezi Juni, bila kusogeza saa, jua la London lingechomoza kabla ya saa kumi alfajiri, watu wamelala. Same mwanga huo wa ziada haupo. Siku ndefu ya Desemba huizidi siku fupi ya Juni kwa dakika 28 tu.

Hapa jioni hupangwa na mlima. Makanya na Hedaru, magharibi mwa Upare wa Kusini, huchelewa kuliona jua kwa sababu safu ya Shengena, yenye kilele cha mita 2,462, imelikinga; jioni hubaki nalo mpaka lizame nyikani. Ndungu na Maore, upande wa pili, hupigwa na jua mapema, kisha kivuli cha mlima huwafikia kabla ya machweo. Waziri gani angewapangia saa moja ya kuwafaa wote?

Saa za Ulaya hata hivyo hufika Same, kupitia vibanda umiza vya kutazamia mpira. Mechi ya Uingereza iliyozoeleka saa kumi na mbili jioni huhamia saa kumi na moja baada ya Jumapili ya mwisho ya Machi, na kila mwaka wapo wanaolipa kiingilio wakati kipindi cha kwanza kimeshakwisha.