Neno la Mabaharia
Neno la Kiingereza “strike” ni fupi, lakini maana zake ni nyingi. Ni kupiga, ni kuwasha kiberiti, ni saa kugonga, ni kuvumbua dhahabu, tena ni kugoma. Wengi hudhani mgomo uliitwa hivyo kwa sababu ya ngumi. Sivyo. Mwaka 1768 mabaharia wa London, wakidai mishahara bora, walitua matanga ya merikebu zisiweze kusafiri. Kutua tanga nako huitwa “strike”. Basi, ndugu wafanyakazi, mgomo haukupata jina hilo kwa kumpiga mtu, bali kwa mikono iliyokubaliana kutua matanga pamoja. Na neno lilo hilo hutumika pia kwa kufikia mapatano.