Pesa ya simu Palma: kwa nini wengine wanaitumia na wengine wanaiogopa

Tangu shambulio la tarehe 24 Machi 2021, familia nyingi za Palma zimetawanyika. Kwa M-Pesa, e-Mola au mKesh, ndugu aliye Pemba anaweza kukutumia meticali bila kusafiri. Hata hivyo, wengi bado hawatumii huduma hizi. Sababu kubwa ni nne.

Kitambulisho: Wengi walikimbia bila BI. Ukitumia laini yenye jina la mtu mwingine, simu ikipotea huwezi kuirudisha laini mwenyewe, hata kama pesa ni yako.

Mtandao: Ukikatika, salio lipo lakini halitoki. Weka akiba kidogo mkononi.

Wakala: Huenda hana fedha taslimu. Ulizia kabla ya kutembea mwendo mrefu, na hakikisha unajua ada.

Lugha: Ujumbe ukija kwa Kireno, mwombe unayemwamini akusomee. Lakini namba ya siri bonyeza mwenyewe.

Kumbuka: ili kukupa msaada, hakuna anayehitaji namba yako ya siri. Anayeiomba anataka pesa yako.