Milioni Mia kwa Kamwokya

Mwezi Februari 2022, Rais Museveni alizindua huko Kibuku mpango wa kuzipa parishi zote za Uganda shilingi milioni 100 kila mwaka, ili jamaa wanaolima kwa ajili ya tumbo tu walime na kufuga kwa ajili ya soko. Kila nyumba yaweza kukopeshwa hadi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6.

Ninyi askari wa jeshi mnaikumbuka njia iliyotangulia. Tangu mwaka 2014, chini ya Jenerali Salim Saleh, wenzenu walipeleka miche ya kahawa na michungwa vijijini. Mingine ilifika mvua imekwisha, ikakauka kando ya shamba. Sasa mkulima hupewa fedha, achague mwenyewe. Hilo ni jema.

Lakini tazameni Kamwokya, hapa Kampala. Kamwokya ya Pili imesongamana mabati na mitaro. Mwenye bidii hufuga kuku uani au huotesha uyoga chumbani. Mpango ulipoanza, ilitengewa fungu lile lile la parishi ya kijijini yenye watu wachache. Gawanyeni wenyewe: milioni 100 ni nyumba 100 zikopazo kiasi kamili, na waombaji ni wengi mno. Hapo mlango wa rushwa hufunguka. Viongozi kadhaa wa parishi nchini wamekwisha kukamatwa kwa kuwatoza wananchi kabla ya kuwapa mkopo.

Mjane aliyetozwa hana wakili. Ana kituo cha polisi cha Barabara ya Kira, na askari wa zamu mwenye kitabu cha kumwandikia.