Wingu Lisilo na Mvua Juu ya Ghuba ya Mwanza

Mkazi wa Kigongo, wilayani Misungwi, akiona moshi mzito umesimama katikati ya ziwa alfajiri, haulizi nani anachoma nini. Anafunga madirisha. Anajua kwamba upepo ukigeuka, moshi ule utatua kwenye kuta, kwenye chandarua na kwenye sufuria ya ugali, kwa sababu ni wadudu wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni.

Wengi wao ni wa jenasi ya Chaoborus, jamaa wa karibu wa mbu. Undugu huo umewaponza. Watu huwadhania mbu wa malaria na kuwapulizia dawa, ilhali hawana mdomo wa kutoboa ngozi. Hawanyonyi damu wala hawaenezi malaria.

Hewani wanaishi siku chache tu, wakapandana, wakataga, wakafa. Maisha yao hasa yako majini. Kiluwiluwi cha Chaoborus kina mwili mwangavu kiasi kwamba chakula kilicho tumboni kinaonekana. Mchana hujificha kwenye tope, usiku hupanda kuwinda vijidudu vinavyoelea, na huvinasa kwa papasi zake. Kina jozi mbili za vifuko vya hewa, moja upande wa kichwa na nyingine upande wa mkia. Kwa kuvitanua na kuvibana, hutulia kwenye kina kinachokitaka. Tena huvumilia maji yenye oksijeni kidogo mno, mahali ambapo samaki wengi hawawezi kukifuata. Sijui kiumbe kingine cha ziwa letu kilichoumbwa kwa ustadi wa namna hii kikabaki bila kusifiwa.

Mwaka 1956 mtafiti W. W. Macdonald alichapisha uchunguzi wake kuhusu wadudu hawa wa Ziwa Victoria. Alionyesha kuwa Chaoborus huibuka kwa pamoja siku chache baada ya mwezi kuandama. Alichunguza pia chakula cha domodomo, samaki mwenye pua ndefu anayefukua tope, na viluwiluwi hivi vimo katika mlo wake. Wavuvi wa dagaa nao wanafuata mwezi huohuo: giza likiingia wanatoka na taa zao, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika na kushona nyavu.

Ghuba ya Mwanza ina historia yake katika habari za wadudu hawa. Kuanzia 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuja kuchunguza samaki waitwao furu, walifanya kazi hapa, na wakashuhudia sangara akiwafyeka furu hao katika miaka ya 1980. Baadhi ya furu hao walikuwa walaji wa wadudu. Walipotoweka, viluwiluwi vilipungukiwa na maadui, na dagaa naye akaanza kula wadudu zaidi kuliko zamani. Mwaka 2000 watafiti Wanink na Goudswaard waliandika kuhusu wingi wa wadudu hawa na faida yake kwa ndege wadogo wanaohama kutoka Ulaya na Asia. Kwa hiyo tope la Misungwi linamfikia mlaji wa dagaa sokoni, na linamfikia pia ndege anayejiandaa kurudi kaskazini.

Simdharau mwenye pumu. Vumbi la wadudu waliokufa humsumbua kweli, na nyumba yake inahitaji kufagiliwa mapema. Lakini sumu inayopulizwa ovyo ufukweni huoshwa na mvua hadi kwenye maji yaleyale tunayovua na kunywa. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3, linaunganisha Kigongo na Busisi, na makazi yanakua pande zote mbili. Taa zitaongezeka, na wadudu hufuata taa.

Mwezi ukiandama, basi, zima taa ya nje mapema, funga madirisha, na asubuhi wafagie waliokufa uwape kuku. Dawa ya kupulizia iache dukani.