Kinyonga Anapozidiwa: Dalili za Hatari na Msaada wa Kwanza

Watu wengi katika nchi zetu humwogopa kinyonga, na wapo waaminio kuwa meno yake yana sumu. Imani hiyo haina msingi. Hakuna kinyonga yeyote mwenye sumu ya kumdhuru binadamu. Ng'ambo mambo ni kinyume kabisa. Huko, kinyonga mwenye pembe tatu, ambaye asili yake ni nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru wa Tanzania, hufugwa nyumbani kama sisi tufugavyo paka. Mwaka 1972 baadhi yao walifikishwa katika visiwa vya Hawaii, wakaachiwa, na hadi leo huzaliana huko porini.

Nilipokuwa masomoni Ulaya, jirani yangu alikuwa na kinyonga wa namna hiyo. Siku moja ya kiangazi aliliacha sanduku lake la kioo dirishani, penye jua, akaenda zake sokoni. Aliporudi, alimkuta mnyama amepauka rangi, kinywa wazi, anahema kwa nguvu. Bibi yule, kwa huruma, alimtia katika maji ya barafu. Kinyonga hakuiona jioni.

Ili tuelewe kosa lilikuwa wapi, hatuna budi kukumbuka kwamba mjusi wa aina yoyote hazalishi joto la mwili kama tufanyavyo sisi. Hulipata kutoka nje. Akisikia baridi huota jua, akisikia joto hujificha kivulini. Ndani ya sanduku hakuna kivuli cha kukimbilia. Tena kinyonga huyu ni mzaliwa wa milimani penye ubaridi, hivyo joto ambalo mjusi wa jangwani hulifurahia, yeye laweza kumwua kwa muda mfupi.

Kinyonga aliyezidiwa na joto aondolewe mara moja, awekwe mahali penye kivuli na hewa, kisha anyunyiziwe maji ya kawaida kidogo kidogo. Barafu haifai, kwa maana mshtuko wa baridi ya ghafla ni hatari ya pili juu ya ile ya kwanza. Wala asimiminiwe maji kinywani: mlango wa pumzi ya mijusi uko mbele, karibu na ulimi, na maji huingia mapafuni kwa urahisi. Hata akionekana amepona, apelekwe kwa daktari wa mifugo, kwani ubongo na figo huweza kuwa vimeumia bila dalili ya nje.

Rangi pekee isimdanganye msomaji. Kinyonga mweusi asubuhi anakusanya joto tu, na aliyepauka usiku amelala. La kutisha ni macho kufumbwa mchana, au kudidimia ndani. Mnyama huyu huficha ugonjwa wake kwa ustadi ili maadui wasimtambue kuwa ni dhaifu. Basi siku dalili zinapoonekana, maradhi yamekwisha kukomaa.

Dharura ya pili hujengeka polepole, nayo ni upungufu wa kalisiamu. Kioo cha dirisha hupitisha joto la jua lakini huzuia ile miali isiyoonekana ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo kalisiamu ya chakulani haifyonzwi ipasavyo. Zaidi ya hayo, nyenje na wadudu wengine wanaolishwa huwa na fosforasi nyingi kuliko kalisiamu. Mwili hulazimika kuikopa kutoka mifupani. Taya hulainika, miguu hupinda, vidole hutetemeka na kushindwa kushika tawi. Mwishowe huja degedege. Hapo mlaze juu ya kitambaa laini, usimshikeshike, maana mfupa huvunjika kwa kuguswa tu, na umkimbize kwa daktari apewe kalisiamu.

Majike yana hatari yao. Kinyonga wa pembe tatu huzaa watoto hai, lakini yule wa Yemen, afugwaye sana pia, hutaga mayai ardhini, hata bila ya kupandwa na dume. Jike linalotaka kutaga huacha kula na kutangatanga chini likitafuta pa kuchimba. Hilo ni jambo la kawaida, lipewe mchanga wenye unyevu na faragha. Likilegea, likafumba macho na kujikamua bila yai kutoka, mayai yamekwama. Usiliminye tumbo: mayai hupasuka ndani.

Nyama ikichomoza kwenye tundu la haja, ifunikwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi hafifu, isikauke njiani.

Jambo moja zaidi, kwa wenye haraka ya kuzika. Mjusi aliyepoa sana huweza kulala kama mfu, moyo ukipiga polepole mno. Mweke penye vuguvugu la wastani, usubiri. Kisha nawa mikono kwa sabuni, kwa kuwa mijusi wengi wenye afya hubeba vijidudu vya salmonela, navyo huwadhuru zaidi watoto wadogo.